Ile Isiyowasha

Msiniambie habari ya mapepo. Siku Raïssa wangu alipoanza kusema na ukuta, watu wa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, walijaa mlangoni kwangu, kila mmoja na pepo lake la kulitaja. Jérôme, mume wangu, badala ya kumshika mtoto, alikimbia kumwita mchungaji. Mi nilibaki na mtoto wa miaka saba anayetapika, moyo unamdunda mpaka unauona kwenye gauni, ananitazama usoni na kuniuliza mama yake yuko wapi.

Niliogopa. Bukavu nilitoka risasi zikilia, lakini sikuogopa namna ile.

Jirani yangu Gloriose, Mrundi asiye na maneno mengi, aliwasukuma watu akaingia, akamwekea mtoto mkono kwenye paji. "Mama Raïssa, huyu hana joto," akasema. "Amekula nini?"

Nilijua amekula nini, na mimi njo nilimpikia.

Mwaka ule posho ilikuwa imepunguzwa, na maharagi ya sokoni yalikuwa ya kutazama tu. Nyuma ya kambi, kwenye ukingo wa mashamba, kuna kichaka kilichofunikwa na mimea ya kutambaa yenye maganda manene. Mmoja ni upupu, Wamalawi wanauita chitedze, ukiugusa utajikuna mpaka ulie. Mwingine ni ndugu yake: jani lile lile, ua lile lile la zambarau, ila ganda lake halina manyoya makali. Kambini tulikuwa na sheria yetu, sijui nani aliitunga: inayowasha ni mbaya, isiyowasha ni maharagi.

Basi nilijifunga vitambaa mikononi, nikachuma maganda yaliyoonekana laini, nikayaanika, nikayapiga kwa fimbo ndani ya gunia, nikapepeta. Mikono iliniwasha kidogo, nikasema ni vumbi. Mbegu nikazipika kama mama yangu alivyonifunza kupika maharagi, kwa maji yale yale tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwetu ukimwaga maji ya maharagi watu watakuuliza kama akili zako ziko sawa. Maji yale yanaongeza damu. Na Raïssa alikuwa ametoka kuugua, midomo myeupe. Mbegu zilikuwa bado ngumu, hakuna aliyezila, lakini yeye nilimtangulizia supu. Alipomaliza bakuli nilimwongezea, nikafurahi kuona anakunywa.

Nilimbeba mtoto mpaka kwa nesi wa kambini, nikamwambia yote. Mficha uchi hazai. Hakunigombeza. Alitafuta gari la wagonjwa, akampandisha mtoto pamoja na Jérôme, aliyekuwa amerudi, kwenda hospitali moja huko Lilongwe, na mimi akaniagiza niwafuate na mmea wenyewe, jani na ganda, ili daktari aone ni upi. Gari liliondoka. Raïssa alikuwa anamchekea mtu ambaye hayupo.

Nilikimbia mpaka kile kichaka, na pale njo nilipotaka kufa. Ile mimea miwili ilikuwa imesokotana kama nywele. Shina moja linapanda, lingine linalizunguka, maganda ya huyu yananing'inia katikati ya majani ya yule. Jua lilikuwa limeyakausha, mengine manyoya yamepukutika nusu. Nilichuma upi? Nilisimama pale najitukana kwa vile vitambaa, maana mikono mitupu ingekuwa imeniambia. Nikaona nikipeleka mmea usio wenyewe, mtoto atapewa dawa isiyo yake, nitakuwa nimemuua mara ya pili.

Nikakunja mikono ya blauzi. Ganda la kwanza nikalisugua kwenye mkono wa kushoto, la pili kwenye wa kulia. Wa kushoto uliwaka moto, wa kulia kimya. Bado sikuwa na hakika nilichuma upi. Nikakumbatia yote mawili kifuani pamoja na majani, nikapanda kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, mpaka barabarani, nikachukua minibasi. Nilifika Lilongwe nimejikuna mpaka damu, shingo na mikono yote miwili.

Raïssa walikuwa wamemfunga mikono kwa bandeji asing'oe dripu. Daktari, kijana wa Kimalawi mwenye sauti ya chini, aliyatazama maganda yangu bila kuyagusa. Nikamweleza kwa Kichewa changu cha sokoni kwamba sijui ni upi, anisamehe, hili linawasha, hili haliwashi. Akasema hili la pili wao wanaliita kalongonda na wanalila. Lakini ni ndugu wa tumbo moja, na ndani ya mbegu sumu ni ile ile. Manyoya ni nguo tu. Wao kalongonda wanaichemsha siku nzima na kumwaga maji kila mara, mpaka sumu yote itoke.

"Maji ulimwaga mara ngapi?" akaniuliza.

"Sikumwaga," nikasema. "Maji njo nilimpa."

Kisha akamgeukia nesi, akamwambia aiache kwanza ile dawa ya malaria iliyokuwa tayari, waulinde moyo, waongeze dripu. Mimi akaniambia tungoje. Nikamuuliza kama atapona. Akarudia, tungoje.

Tulingoja. Jérôme alitaka kunishika bega, nikamfukuza, nguo zangu zilikuwa zimejaa yale manyoya. Niliosha mikono kwa sabuni, nikaosha tena, bado iliwaka. Kila pumzi ya mtoto niliisikiliza, na ikichelewa na mi sikupumua.

Jua lilipoanza kushuka, macho yake yaliacha kuzunguka. Yalitembea dirishani, kwa baba yake, yakanifikia, yakatulia.

"Mama," akasema. "Nishike."

Nilipiga hatua moja, nikayakumbuka manyoya, nikasimama.

"Mushike weye," nikamwambia Jérôme.

Alimshika. Raïssa akaanza kulia akiniita mimi, si yeye, na mi nikabaki pale miguuni pa kitanda, mikono nimeiinua, namwambia niko hapa, mama yako niko hapa.