Maduara Kumi

Nilifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kituo cha kutotolesha vifaranga, na mitihani yangu yote niliifanya kwa masomo ya jioni. Kwa hiyo binti wa mdogo wangu aliponiletea mayai ya kobe asubuhi moja, sikuona cha kunishinda. Yeye ni mtaalamu wa wanyama wa majini. Sisi nyumbani tunamwita Daktari.

Yalikuwa kumi na tisa, marefu kidogo, yamelala kwenye karai la mchanga wenye unyevu. Kobe wa bwawani, yule anayeficha kichwa kwa kukunja shingo ubavuni, alikuwa ameyataga jioni iliyopita kwenye kifusi cha mtaro, na tingatinga lilikuwa njiani. Daktari hakuwa amepata kiota pale bwawani kwa miaka minne. Kobe wakubwa na watoto wao wote walikuwa wanakwisha.

"Ofisini hatuna inkubeta, baba mkubwa. Yako bado inafanya kazi?"

"Inafanya kuliko hiyo ofisi yenu."

Alicheka. Akanitajia joto, akanitajia unyevu, akaniachia kijitabu cha Kiingereza. "Halafu kitu kimoja kuhusu hizi alama—"

"Wewe mtoto, mimi unanifundisha mayai? Nenda kazini."

Simu yake ilikuwa inalia, akaenda.

Kila yai lilikuwa na msalaba wa penseli juu. Sisi watu wa kuku tunaujua msalaba huo: upande mmoja msalaba, upande wa pili duara, ili ukigeuza mayai usikose hata moja. Nikaona binti ameifanya kazi nusu. Nikachora maduara. Mchana nikayageuza yote, jioni nikayageuza tena.

Mke wangu alichungulia mlangoni. "Na wewe sasa unaatamia kobe?"

"Niletee chai, mama."

Chai yenyewe haikuja hadi kesho yake asubuhi, nikiwa nimeshageuza mayai kumi na moja. Nikakaa, nikafungua kijitabu. Huwa nasoma kitabu kuanzia ukurasa wa kwanza, na jambo lenyewe lilikuwa ukurasa wa sita: baada ya siku ya kwanza kiinitete hujishikiza sehemu ya juu, ndani ya ganda. Yai likigeuzwa, kinaweza kufa. Kwa sababu hiyo huwekwa alama juu, ili upande huo usihame.

Nikasoma mara tatu. Kamusi sikuihitaji.

Nitasema nilichofanya. Nilichukua kifutio, nikafuta duara la yai la kwanza, nikalirudisha msalaba juu. Safi kabisa, hakuna ambaye angejua. Nilinyoosha mkono kuchukua la pili ukakataa. Kama kijitabu kilisema kweli, nilikuwa naligeuza yai mara nyingine ili nisiaibike mbele ya mtoto niliyembeba mgongoni.

Nikampigia, nikamwambia nimekuwa nikiyageuza tangu jana.

"Yapi uliyageuza leo?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Safu mbili za mbele. Kumi na moja. Niyarudishe?"

"Usiyaguse! Hatujui yamejishikiza upande gani. Nakuja."

Alifika na matope ya bwawani miguuni, akapiga magoti mbele ya inkubeta, akahesabu kwa kidole bila kugusa.

"Baba mkubwa, umesema kumi na moja, mbona maduara yaliyo juu ni kumi?"

Mke wangu alikuwa mlangoni. Nilitamani awe sokoni.

"Moja nilifuta. Nikaligeuza tena. Nilitaka kuficha."

Daktari alilizungushia lile yai uzi mwekundu mchangani, bila kuligusa. Halafu akaniambia nilale mapema, maana joto lingepimwa kila baada ya saa sita na yeye asingeweza kuja kila mara.

"Bado unaniachia?"

"Nimwachie nani mwingine? Ila mikono mfukoni."

Niliyaangalia siku themanini na moja, mikono mfukoni. Yale manane yasiyogeuzwa asubuhi ile yalianguliwa yote, vikobe vidogo kama vifungo vya koti. Katika yale kumi ya maduara yalianguliwa sita. Lenye uzi Daktari alilipasua mwenyewe. Kiinitete kilikuwa kimekufa zamani, kabla hata ya macho kuonekana.

Alifungua fomu ya ofisi kwenye meza yangu. Sehemu ya sababu, kwenye mstari wa lile yai lenye uzi, akaanza kuandika kwamba yai lilikuwa bovu tangu mwanzo.

"Si kweli hiyo," nikasema.

"Baba mkubwa, hawa watu hawakujui. Acha tu."

"Wewe utakuja kuisoma mwakani, ukitafuta lilikufa kwa nini."

Nikamwomba kalamu. Nikakata maneno yake kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaandika: Liligeuzwa siku ya pili na mwangalizi, akaligeuza tena ili kuficha kosa. Chini yake nikatia sahihi. Mwandiko wangu ni mzuri; unasomeka bila shida.