Ukwaju wa Bwana Upesi

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mvua ilikuwa imegoma mwaka wa pili Ugogo nzima, mtama umenyauka kabla ya kuchanua, ng'ombe wamebaki mbavu tupu, na pale bomani Dodoma Mdachi mmoja, mkuu wa boma, alikuwa hapati usingizi kwa sababu ya choo. Choo, ndiyo, hujasikia vibaya! Bakuli la kauri lililopanda gari moshi kutoka pwani, limeviringishiwa majani makavu lisivunjike, likajengewa na chumba chake peke yake.

Mdachi huyo watu walimwita Bwana Upesi, maana katika Kiswahili chote hilo ndilo neno alilolipenda. Mkewe alikuwa njiani kutoka Ulaya. Na bakuli, lililokuja jeupe pe, sasa lilikuwa na ukoko wa kahawia kuanzia ukingoni hadi shimoni, kwa sababu maji ya kisima cha boma yana chumvi, na chumvi ya Dodoma ikishika kitu haiachii. Mbaruku, mtumishi wa nyumba, alikuwa amelisugua kwa mchanga, kwa majivu, hata kwa kipande cha tofali. Wapi! Alikwishachapwa viboko kwa ajili ya ukoko huo, na alikuwa ameahidiwa vingine.

Raheli hakujua lolote kuhusu vyoo vya kauri wala hakutaka kujua. Yeye alifika bomani kwa ajili ya mumewe, Matonya, aliyetiwa mnyororo wa shingo pamoja na wafungwa wengine kwa kosa la kumsukuma askari aliyemchukulia mbuzi wake. Kila siku alimletea uji, na kila siku alimkuta amepungua. Shingo ilikuwa imechubuka, inatoa usaha. Mfungwa aliyekuwa mbele yake alikufa, wakamfungua, wakamfunga mwingine pale pale. Raheli hakuhitaji mganga wa kumpigia ramli: Matonya asipotolewa mapema, atatolewa maiti.

"Dada, utalia baadaye," Mbaruku alimwambia siku hiyo. Alikuwa ameketi barazani, anajipulizia vidole vilivyochunika. "Hata mimi nalia. Bwana ameniapia, bibi yake akiukuta uchafu ule, nami naingia mnyororoni. Wallahi, atakayeutoa atampa chochote."

"Uchafu gani?"

"Ukoko wa maji. Ule ule unaoshika ndani ya chungu."

Raheli akavikumbuka vyungu vyake. Ukoko wa chungu nani asiyeujua? Chungu cha kuchemshia maji hufanya gome siku zote, lakini kile anachopikia uji wa ukwaju hakijawahi kushika kitu, ndani ni safi mpaka unaona rangi ya udongo.

"Nikiutoa, Matonya atafunguliwa?"

"Utoe kwanza."

"Nimekuuliza, atafunguliwa?"

Mbaruku alimtazama, akainuka, akaingia ndani. Aliporudi alikuwa anahema. "Amesema ndiyo. Amesema upesi."

Nyumbani kilikuwa kimebaki kikapu kimoja cha ukwaju. Tangu mtama uishe, hicho ndicho kilichokuwa kikiwaweka hai: ukwaju, maji, na pumba kidogo ya kuutia uji uzito. Raheli alipokishika, mkwewe, mama yake Matonya, akakishika upande wa pili.

"Unakipeleka wapi?"

"Bomani, mama. Nakwenda kusafishia choo."

"Hebu rudia."

Akarudia.

"Chakula cha wajukuu zangu unakwenda kukimwaga kwenye mavi ya Mzungu? Una wazimu, mke wa mwanangu?"

"Nakwenda kumtoa mwanao, mama."

Bibi kizee akachota konzi moja ya ukwaju, akaifunga kwenye upindo wa nguo yake, na kikapu akakiachia.

Mfa maji haachi kutapatapa. Raheli aliuchemsha ukwaju wote mpaka ukawa mzito, mkali wa kutoa machozi. Kule bomani akayachota maji yaliyotuama ndani ya bakuli, akaupaka ukwaju kotekote kwa mikono yake, mwingine akaumimina shimoni, akauacha ulale humo. Asubuhi alichukua kijiti, akakwangua. Ukoko ukabanduka vipande vipande. Mbaruku alipiga magoti pale pale chooni, akamshukuru Mola wake kwa sauti.

Bwana Upesi alikuja, akainama, pua nusura iguse kauri, akacheka. Mnyororo ukagongwa nyundo, Matonya akatoka. Raheli alipiga kigelegele katikati ya boma, hakumwonea haya askari wala Mdachi.

"Dawa gani?" Bwana Upesi akauliza.

Mbaruku alimkonyeza anyamaze. Lakini furaha haina mlango, na Raheli alikuwa ameshinda siku ile.

"Ukwaju, Bwana! Huku kwetu kila nyumba inao. Ndio tunaokula."

Lo, Raheli! Bwana Upesi akatikisa kichwa taratibu. Maji ya kisima ni yale yale, alisema, ukoko utarudi. Basi kila kaya italeta kikapu cha ukwaju kila mwezi. Na huyu Matonya, kwa kuwa anazijua kaya zote, atawaongoza askari. Vikipungua, mnyororo uko pale.

Wakapita kaya kwa kaya. Matonya alisimama mlangoni mwa watu waliomlea, askari wakaingia, wakatoka na vikapu. Mzee Sila, jirani, aliyekuwa akilea wajukuu watano peke yake, alikitoa cha kwake mwenyewe bila kungoja kusukumwa. Hakutukana. Alimwambia tu, "Pole kwa kifungo, mwanangu," akafunga mlango. Matonya alifika nyumbani jioni, akakaa bila kugusa maji aliyopewa.

"Ungeniacha kule kule," alimwambia mkewe.

"Kule ungekufa."

"Ndiyo. Mtu mmoja."

Juma lililofuata Raheli alirudi bomani, maana kazi ile sasa ilikuwa yake, na bibi wa Kidachi alikuwa amewasili. Alichemsha, akapaka, akakwangua. Alirudi nyumbani mikono inanuka uchachu. Binti yake mdogo, Loisi, alimkimbilia, akaushika mkono wa mama yake, akaunusa, akatia vidole mdomoni akaanza kufyonza.

Raheli alimpokonya mkono, akampiga kofi. Mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Ndani hapakuwa na kitu kingine cha kumpa. Raheli akageuza uso ukutani, akamrudishia mkono.