Kisu cha Kiden Kimo Drooni

Ulikuwepo, usikatae. Ulikaa karibu na mlango, kwenye hoteli ile ya Arua Hill, ukila mbuzi wa harusi. Mpishi Ayikoru akapitishwa katikati ya ukumbi, mkono umefungwa kitambaa cha meza kinachovuja damu. Uliona. Kisha ukatazama simu, ukaomba pilipili.

Kiden alikuona kutoka jikoni. Alikuwa amepika na Ayikoru miaka sita. Mwenyewe alitoka Yei, Sudan Kusini, na wakimbizi, akafikia Koboko, na huko fundi chuma Loro akamfulia kisu kwa springi ya lori kuukuu. Cheusi, hakina sura. Lakini chuma chake kilipenya mpini mpaka mwisho, na uzito ulikaa palepale kidole kinapokaa. Kila asubuhi alikinoa kwenye kinoo chenye maji, akakijaribu kwa nyanya. Kisu kizuri huzama kwenye ganda la nyanya kwa uzito wake tu. Kile cha kusukuma kitateleza siku moja, na kikiteleza hakichagui.

Kisha meneja Ronnie akaleta visu sita vinavyong'aa, mipini ya rangi rangi, ili wageni wakichungulia jikoni wapendezwe.

"Vile vya zamani leta hapa," alisema. "Wewe Kiden hasa. Mutu ya Sudan natembea na panga kwa mufuko, wageni watasema nini?"

"Hii si panga, bosi. Hii iko kazi yangu."

"Basi kazi yako iko kwa droo yangu."

Akafunga kwa ufunguo. Kinoo nacho akakipiga marufuku: eti kinakwaruza mng'ao. Wiki mbili hazikuisha, visu vyote sita vilikuwa butu.

Siku ya harusi walichinjwa mbuzi wanane. Ayikoru alikuwa akitenganisha paja, kisu hakiingii, akakilalia kwa kifua na mabega. Kikateleza, mkono wa kulia uliokishika ukashukia makali. Ncha ya kidole cha shahada ikabaki juu ya ubao, kati ya nyama.

Jumatatu Ronnie alimwita Kiden ofisini, akamsogezea karatasi. Ilikuwa ushahidi wake kwamba Ayikoru alikuja kazini amelewa. Kiden alijua maana yake: Ayikoru atafukuzwa, na kidonda atakitibu kwa pesa yake. Alijua pia Ayikoru hakuwa wa kwanza. Mpishi mwenzao Paska alikatwa kidole gumba na visu hivyo hivyo, wakasema mzembe. Elena alikatwa kiganja, wakasema mbishi. Leo wote wawili wanachoma mahindi kando ya barabara, na hotelini hakuna anayetaja majina yao.

"Weka sahihi, dada," Ronnie alisema kwa upole, akavuta droo. Kisu cha Loro kilikuwa mle, kimeanza kutu. "Kitu yako chukua leo leo."

Kiden akatoa nyanya kwenye mfuko wa aproni, akaiweka mezani pamoja na kisu kimoja kinachong'aa.

"Kata, bosi."

"Nacheza na mimi?"

"Kata tu. Mimi naangalia."

Ronnie akakata kwa hasira. Nyanya ikapondeka, maji yakaruka hadi kwenye mkono wa shati lake jeupe na juu ya karatasi.

"Sasa tuandike nini?" Kiden aliuliza. "Hii nyanya pia ilikunywa waragi?"

Ronnie alichapisha karatasi nyingine, akasukuma droo ikafunga. Kiden hakuweka sahihi. Kufikia jioni alikuwa Koboko, anakata sukuma kwa kisu cha jirani, na kazi hana. Ayikoru yuko nyumbani, mtaa wa Awindiri, anajifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Visu sita bado vinang'aa ukutani.

Na wewe bado unakula pale. Basi leo usiagize. Inuka, ingia jikoni, omba nyanya na kisu, ukate mwenyewe mbele yao. Ikipondeka, nenda ofisini na hiyo nyanya mkononi, useme droo ifunguliwe na Kiden na Ayikoru warudi kazini. Usitoke mpaka ifunguliwe. Jumamosi kuna harusi nyingine. Nenda sasa.