Bikoni ya Bibi Marieta

Hilda alikuwa na barua nne, kila moja na muhuri mkubwa kuliko mwenzake: kibali cha utafiti kutoka Dar, barua ya mkoa, ya chuo, na muhtasari wa mkutano wa kijiji chao, Endasak. Alichokosa ni saini moja tu, ya Bwana Idd, ofisa misitu. Na miti ya miringaringa ilishaanza kupukutisha maua. Wiki mbili zikipita, nyuki aliotaka kuwachunguza wangehama, na chuo hakikuwa tayari kumsubiri mwaka mwingine.

"Shikamoo, Bwana Idd."

"Marahaba. Umerudi tena, binti wa nyuki."

"Nimerudi. Nikikaa sana nyumbani nakukumbuka."

Idd hakucheka. Aliweka kidole kwenye fomu. "Umeandika utakusanya maua. Maua ni mazao ya msitu. Kukusanya mazao ya msitu ni kuvuna. Kuvuna kuna kamati, na kamati inakaa mwezi wa saba."

"Ni maua yaliyokwisha kuanguka. Bahasha hamsini tu."

"Hata ua moja ni uvunaji."

"Na nyuki nao wamepita kwenye kamati?"

"Binti, sheria sikuiandika mimi."

Hilda alipanda bodaboda mpaka kwao, tope limemfika magotini, hasira imemfika kooni. Alimkuta bibi yake, Bibi Marieta, akipalilia maharage kwenye shamba linalopakana na msitu. Akamsimulia yote. Bibi akacheka mpaka akaegemea jembe.

"Kumbe yale matawi leo yamerudi kuwa ya serikali?"

"Matawi gani, bibi?"

Bibi akamwonyesha mringaringa mkubwa. Shina lilisimama msituni, hatua tatu nyuma ya bikoni, nguzo ya zege ya mpaka, lakini nusu ya matawi ilining'inia shambani. Mwaka juzi tawi moja lilivunjika likaponda maharage. Bibi alikwenda kwa miguu hadi ofisini kuwaomba waje waliondoe. Walimjibu kwa barua. Kusoma kulimshinda, kutunza hakukumshinda: barua ilikuwa ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa.

Hilda aliisoma mara mbili. Kesho yake asubuhi akatandika shuka jeupe kati ya maharage, chini ya matawi yale, akaketi na bahasha zake.

Siku ya tatu pikipiki ya Idd ikafika.

"Shikamoo, bibi. Hilda, nilikukataza kuvuna."

"Sivuni, Bwana Idd. Nimekaa, yananiangukia." Akampa barua. "Hebu soma kwa sauti, bibi naye asikie."

Idd akasoma. "'Kitu chochote cha msitu kikishavuka bikoni na kuangukia shamba la mtu, ni mali na jukumu la mwenye shamba.'" Alipofika chini sauti ilikuwa imekwisha. Muhuri ulikuwa wa ofisi yake. Saini ilikuwa yake.

"Lile tawi nililikata na kulibeba siku mbili, mwanangu," alisema bibi, bila kuacha kupalilia. "Peke yangu. Kamati sikuiona."

Ua moja likashuka, likatua kwenye kofia ya Idd.

"Mguu wako usivuke bikoni," alimwambia Hilda.

"Hauvuki. Ila hilo la kofiani naliomba. Limeangukia kwetu."

Idd akavua kofia, akalichukua ua kwa vidole viwili, akalitia mwenyewe kwenye bahasha. Hilda akafunga, akaandika tarehe, akaandika saa. Penye jina la mkusanyaji akaandika, kwa herufi kubwa: IDD.