Mgongo wa Ronah

…na hiki kitenge nacho, leo ndiyo siku kimeamua kunifungukia, hapa katikati ya uwanja wa shule, mstari mmoja kulia, mwingine kushoto, na mimi nimeinama katikati nafunga fundo, aka, wacha niseme ukweli, halikufunguka lenyewe, nimelifungua mimi, nimelifungua kusudi ili nisiende upande wowote, kwa sababu huko kulia aliyeshika picha ni Ronah, Ronah! Kati ya wanawake wote wa Bwera ndiye amepewa picha ya Wakili Habibah, ameinyanyua juu ya kichwa utadhani anambatiza mtoto, na gauni jipya la kijani, na nywele kasuka jana, nani anasukwa kwa ajili ya kusimama kwenye mstari? Na kwetu chama hakina karatasi wala sanduku, ukitaka Wakili ndiye agombee urais kwa bendera yetu unasimama nyuma ya picha yake, ukitaka Mzee Xavier unasimama nyuma ya ile nyingine, unamshika kiuno aliye mbele yako ili mtu asijipenyeze, na watu wanakuona, shemeji anakuona, padri anakuona, hakuna kujificha, halafu mnaguswa kichwani mmoja mmoja, tawi letu linapeleka Kampala jina moja tu, basi, limekwisha.

"Wajumbe! Hawa ambao haijasimama, isimame! Nafunga mistari sasa hivi!" Huyo ni Benon na kipaza sauti chake, katibu wa tawi, anafunga mistari toka asubuhi na bado haijafungwa, ananiangalia mimi, wote wananiangalia mimi, maana mistari imelingana, hata mtoto anaweza kuhesabu, vichwa vya huku na vya kule ni sawa kwa sawa, aliyebaki ni Edisa na kitenge chake… ngojeni, mna haraka gani, toka lini Edisa akangojewa na mtu? Siku ile ya mkutano Kasese nani aliningoja? Ronah nilimpeleka mwenyewe, ndiyo, kwa mguu wangu, nikamwambia Ronah twende tukamsikilize huyu Wakili, ni mwanamke, anasema mume akifa mjane abaki na shamba lake, twende, na Ronah akasema siasa inamchosha, ati inamchosha! Nikamshika mkono nikamkalisha karibu yangu, benchi la mbele, na Wakili aliposema anataka mama mmoja wa huku milimani asimame aseme maisha yake, nikaanza kukaza kitenge changu ili nisimame, na kabla sijakikaza huyo kasimama, kasimama na mkoba wake, akasema: "Nimebeba kahawa toka nikiwa binti, na hata mti mmoja si wangu." Hayo maneno ni yangu! Nilimwambia mimi, kwenye mteremko wa Kyarumba, gunia kichwani, yeye nyuma na mwavuli, akaniuliza, "Mama Edisa, shingo haiumi?" nikamjibu vile, neno kwa neno, nikadhani ameuliza tu kupitisha njia, kumbe anayameza maneno. Na pale Kasese mpaka shingo aliishika, hivi, mkono nyuma ya shingo, kama ninavyoshika mimi! Na Ronah miti anayo, loh, hilo ndilo linaniua, baba yake kamgawia shamba Bugoye, kahawa inaning'inia mpaka chini, mto Mubuku unampigia kelele usiku kucha, gunia hajawahi kulibeba hata la maharage, halafu hata mti mmoja si wake! Na Wakili akafuta macho, akashuka jukwaani, akamkumbatia. Nilikuwa pale pale, bega langu liliguswa na mkono wa Wakili ukipita kwenda kwake. Nilitaka kukumbatiwa mimi. Ndiyo, nilitaka, mtu mzima na wajukuu, nilitaka yule mama anikumbatie mbele ya watu anitaje jina. Halafu redio, Mungu wangu, redio, nachambua kahawa uani namsikia Wakili, "Kama alivyoniambia dada yangu Ronah wa Bwera," nikaizima, Medius jirani yangu anapiga ukuta, "Washa, Mama Edisa, iko nasema juu yetu!" Juu yetu, ehe, juu ya nani…

"Mama Edisa, kuja huku kwetu." Kakule huyo, wa mstari wa kushoto, ameshika picha ya Mzee Xavier kwapani kama gazeti, mjanja, ana sauti ya asali, ndivyo anavyowauzia watu vitenge vya Butembo vinavyochuja rangi. "Kule beko banakuchekelea tu. Ule mutoto aliiba maneno yako, batu yote banajua." Wanajua! Kumbe wanajua! Sikuwa nalilia hewa, na kusikia mtu akilisema kwa sauti, mbele ya uwanja mzima, roho imenitulia kwanza, kama maji baridi, na mguu wa kushoto umesogea wenyewe, kidogo tu, kisigino. Hatua chache, Edisa, hatua chache tu na Ronah ameangushwa hapa Bwera, jioni watasema tawi la yule dada wa kwenye redio limemkataa Wakili, gauni la kijani atalivulia wapi, dada yangu Ronah, dada yangu Ronah, atakumbatiwa na nani basi? Utamu wake nausikia ulimini kama muwa. Lakini Mzee Xavier… tulimuuliza mambo ya wajane, akacheka, mzee wa watu, akasema hayo ya wake zetu tutayaangalia tukishashinda. Yaangalieni, nani anakataa, mimi nafumba jicho langu leo tu, leo tu nataka nimwone akilia.

Na mwisho wa mstari wa Kakule nani yule anajibana kunipa nafasi, kofia ya… Ruben. Ruben, mdogo wake marehemu mume wangu. Kwa hiyo nikienda kushoto ni kiuno cha Ruben nitakachoshika! Anatabasamu, meno yote nje, anapigapiga ubavu wake, hapa, hapa. "Kuja, muke yetu." Mke wenu, ehe. Kezironi alikuwa hata hajaoza kaburini, huyu akaja Kyarumba na panga akakata alama kwenye kila mti, mmoja mmoja, miti niliyoipanda na mimba tumboni, akasema ni ya ukoo, na mke ni wa ukoo, nikashuka mlima na sufuria na watoto, nikaanza kuuza soko la mpakani kahawa ya kununua, kahawa ya watu. Na mimi nimshike huyu kiuno? Mikono hii? Anacheka kwa sababu anajua kinachoniwasha, Kakule anajua, wote wameona wivu wangu wakauwekea nafasi kabisa, wameupangia mstari! Na nikienda huko ndiyo nitakuwa nimempa Ronah maneno yale moja kwa moja, watasema maneno yalikuwa ya Ronah, Edisa aliyakataa, alisimama na shemeji yake. Thubutu. Aibe, halafu nimwandikie risiti?

"Mama Edisa." Sauti ndogo, siyo ile ya Kasese. Ronah amegeuza shingo, mikono bado juu na picha, Wakili anayumba huko hewani. "Mama Edisa, nafasi yako ni hii. Nilimwambia Medius aiache wazi." Na kweli, nyuma yake hakuna mtu, Medius kasimama nyuma ya pengo, kanyoosha mikono kama anazuia mbuzi, nami toka asubuhi nalitazama lile pengo nikidhani watu wanamkwepa. Nafasi yangu anichungie yeye! Yeye ndiye anigawie! Hata hapa ananishinda, mshenzi, hata aibu anaiona kabla yangu… sijamsamehe, nisikie vizuri, sijamsamehe hata kidogo, nywele zile zinaniudhi, redio itaniudhi tena, Wakili akishinda Ronah ndiye atapigwa picha naye.

"Nafunga! Nafunga sasa!" Funga, Benon, bado nimeinama, fundo liko mkononi, vumbi lile lile, macho yale yale, na mgongo wa Ronah uko pale, mwembamba, zipu haikufika juu, alivaa peke yake asubuhi hana wa kumfungia. Nitaipandisha hiyo zipu. Nitamshika kiuno, na kucha, ajue aliye nyuma yake ni nani, na akiwa amebeba picha hawezi kunikimbia nitamwambia sikioni, binti, siku nyingine ukiyasema, usiishie njiani, sema miti iko Kyarumba, ina alama za panga, sema ni ya Edisa.