Baridi Bado Iko Juu

Wifi yangu alikuja na mabegi kuchukua nguo za kaka yake, mume wangu, tuliyemzika wiki iliyotangulia. Jua lilikuwa linawaka hata kitasa cha kabati kilikuwa cha moto. Nikamkabidhi mashati, suruali, viatu. Sikuhisi kitu, ni kama nilikuwa nagawa sufuria.

"Na hilo koti?"

"Liache. Baridi inakuja."

Akanitazama juu chini. "Na joto hili? Wifi, chozi hujatoa hata moja, halafu unang'ang'ania koti?"

Kazi yangu ni kurusha maputo ya hali ya hewa. Puto linapanda kupita mawingu, kupita ndege, likituma vipimo mpaka lipasuke. Siku zile, huko juu kabisa, hewa ilipata joto ghafla, na ule upepo mkubwa unaoifungia baridi kwenye ncha ya dunia ukalegea. Vurugu kama hiyo haifiki chini siku hiyo hiyo. Inateremka tabaka kwa tabaka, kwa wiki kadhaa, na mara nyingine haifiki kabisa. Mkuu wa kituo alisema tusiwatie watu kiwewe. Sikubishana. Sikuwa na nguvu ya kubishana hata na nzi.

Wifi akatangaza kwa ndugu wote kwamba nina moyo wa jiwe. Niliposikia, niliendelea kuosha vyombo. Niliogopa kitu kimoja tu: kwamba huenda anasema kweli.

Kisha baridi ikashuka. Asubuhi hiyo maji ya bomba yaliuma vidole. Wifi alikuwa jikoni kwangu, amejikunyata. Baba mkwe, aliyekuwa akiishi nasi, alitaka kwenda dukani na shati jepesi. Nikalitoa koti, nikamvisha.

"Na wewe mwanangu, utavaa nini?"

"Nenda tu, baba."

Akatoka. Nilimwona kwa nyuma, mabega yale yale, akiinua kola kwa mkono mmoja kabla ya kufungua geti. Mdomo wangu ukapaza sauti wenyewe, kama kila asubuhi ya ndoa yangu:

"We bwana, funguo umesahau tena!"

Mzee akageuka. Alinitazama kidogo, kisha akaanza kujipapasa mifukoni, taratibu, akitafuta funguo ambazo hakuwahi kuwa nazo.

Ndipo nikalia. Nililia mpaka wifi akaja kunishika.