Kanisa Lililoupa Mji Mgongo

Kanisa lile limeupa mji mgongo, na kwa miaka hamsini lawama zote amebebeshwa mtu mmoja. Mlango mkubwa unatazama mto. Barabara iko nyuma ya altare. Anayetoka mjini hana budi kuzunguka jengo zima kwenye tope, au ajipenyeze kwa mlango wa sakristia na kutokeza mbele ya waumini wote, padre akiwa katikati ya mahubiri. Mabibi harusi wamefika altareni wakiwa na tope hadi magotini, na kila aliyechafuka, shangazi zake wamemlaani fundi mwashi aliyejenga.

Fundi huyo alikuwa baba yake katibu wa kanisa. Ilisemekana alishika ramani kichwa chini, basi mji ukampachika jina la Juuchini. Tangu hapo hakuna aliyempa kazi, hata ya kujenga banda la kuku. Alilea watoto saba kwa kuziba nyufa za nyumba zilizojengwa na mafundi wengine, na leo ana miaka themanini na mitatu, lakini watoto wa shule bado wakimwona huinama na kumchungulia katikati ya miguu yao.

Ukweli katibu aliujua. Baba yake alimwambia siku moja tu, akisugua mwiko wake. Mwenyekiti wa kanisa alikuwa na duka pale kwenye kivuko cha mitumbwi, naye ndiye aliyeamuru mlango uelekee mtoni, ili watu wakitoka misa wakutane na sukari yake na mafuta yake ya taa. Padre alikuwa akifika mara mbili tu kwa mwaka. Aliporudi, kuta zilishapita madirisha, na mwenyekiti akamnyooshea fundi kidole. Muda si mrefu likajengwa daraja, kivuko kikafa, duka nalo likafa. Mwenyekiti hakufa. Wala kiti hakukiachia. Mapadre kumi na mmoja wamekuja na kuondoka, yeye yupo tu.

Sasa ilikuwa jubilei, Baba Askofu anakuja, na katibu alipewa kazi ya kuandika historia ya kanisa na kuisoma siku hiyo. Mwenyekiti akamletea sentensi aliyokwisha kuitunga mwenyewe.

"Uiandike hivi hivi, mwanangu. 'Kutokana na uzembe wa fundi, aliyeshika ramani kichwa chini.' Historia ni historia."

"Na itachapwa kitabuni, Mzee?"

"Nakala mia tano! Moja itawekwa kwa Askofu."

Katibu alirudi nyumbani na hesabu ile kichwani. Mia tano! Baba yake angekufa, na vitukuu wangemkuta humo kitabuni, mjinga wa milele. Ushahidi hakuna. Daftari la matukio la wakati ule lililiwa na mchwa, na mashahidi wote wako makaburini. Aliyebaki ni mwenyekiti mwenyewe, na huyo hajawahi kukiri kosa nje ya sanduku la kitubio, kama humo nako alikiri.

Lakini katibu alikuwa amekaa naye vikaoni miaka kumi na sita, alimjua nje ndani. Mwenyekiti aliweza kuvumilia njaa, jua, hata mahubiri marefu. Hakuweza kuvumilia mtu mwingine asifiwe.

Siku ilipofika, katibu alimketisha baba yake benchi la pili, japo mzee aling'ang'ania kukaa nyuma. Akasoma habari za matofali, za kengele, za mapadre. Kisha akafika mlangoni.

"Mwaka wa mafuriko, maji yalituzingira tukiwa humu ndani kwenye misa. Mitumbwi iliingia moja kwa moja kwa mlango huu, ikaokoa watu mia na ishirini. Sifa zote ni za fundi. Yeye peke yake, kwa akili yake mwenyewe, ndiye aliyeamua mlango utazame mto."

Mafuriko yalikuwa ya kweli, ila hakuna aliyewahi kuushukuru mlango. Baba Askofu akapiga makofi. "Fundi huyo yu hai? Nataka kumpa mkono!"

Mwenyekiti alikuwa ameshasimama, mishipa ya shingo imemtoka.

"Peke yake wapi, Baba Askofu? Ni mimi niliyemwamuru! Yeye alitaka mlango utazame barabarani, kama ramani ilivyosema. Nikamwambia akibisha naleta fundi mwingine. Bila mimi watu wangezama!"

Kanisa lote likageuka kumtazama. Mkewe akamvuta koti, lakini yeye alikuwa anangoja makofi.

"Hebu rudia, Mzee," katibu akasema kwa upole, akimsogezea kipaza sauti. "Kitabu bado hakijachapwa, nisije nikakosea."

Naye akarudia! Akaongeza na kwamba fundi alikuwa mbishi, alimkatalia mara mbili nzima.

"Tatu," sauti ikasema kutoka benchi la pili.

Fundi alikuwa amesimama, ameshikilia benchi la mbele kwa mikono miwili.

"Nilikataa mara tatu. Mara ya nne nikakubali, kwa sababu mke wangu alikuwa na mimba ya huyo anayewasomea, na ndani hatukuwa na hata unga."

Hilo baba yake hakuwahi kumwambia. Katibu aliinamia karatasi yake, akatafuta mstari unaofuata, asiuone.